Barafu Kwenye Tangi la Vania

Samaki walikuwa hai. Hilo ndilo lililomsimamisha Mkaguzi Sharifa katikati ya sebule ya watu, mkono kiunoni, hata akasahau kufunga mlango nyuma yake.

"Happiness!" aliita. "Hebu njoo uone maajabu."

Koplo Happiness aliingia akijipepea kwa kofia yake. Likombe yote haikuwa na umeme tangu juzi, na nyumba ile iliyofungwa madirisha ilikuwa na joto la kuokea mkate. Novemba ya Mtwara haina huruma na mtu, na mvaa sare za polisi ndiye anayeonewa kuliko wote.

"Afande, tumekuja kutafuta mtu aliyepotea. Hao samaki nao wametoa maelezo?"

"Ndio kwanza wanaanza kuyatoa. Njoo huku."

Tangi lenyewe lilikuwa dogo, la kioo, limewekwa juu ya meza ya mbao mbali na dirisha. Ndani yake palikuwa na samaki watatu wekundu wenye mistari ya buluu, kila mmoja hazidi urefu wa kidole, wakizungukazunguka juu ya matumbawe matano yaliyopangwa kama vichaka. Tangi hilo, kila polisi wa kituo chao alikuwa amelisikia mpaka akalichoka. Mwenye kulisimulia alikuwa Sudi, mchumba wa Vania, ambaye wakati huo alikuwa amekaa mahabusu akisubiri kushtakiwa kwa kosa la kumuua Vania mwenyewe.

Kesi ya Sudi ilikuwa mbaya, tena mbaya hasa. Jioni aliyopotea Vania, majirani waliwasikia wakigombana. Asubuhi yake kijana akakutwa na kiganja kilichochanika, na damu yake ikaonekana kwenye sinki la jikoni. Alipoulizwa, akasema alijikata kwa ukingo wa kioo akimsaidia mwenzake kusafisha tangi, na kwamba ugomvi wenyewe ulikuwa wa kuchelewa kuleta maji ya bahari. Nani angemwamini? Na kila alipohojiwa, badala ya kujitetea, yeye aliuliza: jamani, nani anawaangalia samaki wa Vania? Wengine walisema ana wazimu, wengine wakasema anajifanya. Maiti haikuonekana, lakini kesho, Jumatatu, jalada lingepelekwa kwa wakili wa serikali, na hapo jambo lingekuwa limemtoka Sharifa mikononi.

Ndiyo maana alikuja kupekua nyumba kwa mara ya mwisho. Na sasa samaki hawa walikuwa wakimpigia mikia.

"Sudi alituambia nini kuhusu hawa?" aliuliza.

Happiness alikunja uso akikumbuka. "Kwamba ni samaki wa maji ya baridi. Na matumbawe ni ya maji ya vuguvugu. Ukiwaweka chombo kimoja, lazima mmoja aumie. Ukipoza maji, matumbawe yanasinyaa. Ukiyaacha na joto, samaki wanaishiwa pumzi. Ila Vania katika utafiti wake kapata mahali kule baharini, mbele ya Msimbati, maji ya baridi yanapanda kutoka kilindini, na hapo wanaishi pamoja bila ugomvi. Akawachukua kwa kibali, akawaweka humu ili watu waone kwa macho."

"Kwa joto gani?"

"Nyuzi ishirini na tatu. Kila siku ishirini na tatu. Yule kijana ameliimba hilo mpaka nikaliota."

Kipimajoto kilikuwa kimebandikwa kwenye kioo, na mtu alikuwa amekichora mstari wa rangi ya kucha, nyekundu, kwenye ishirini na tatu. Sharifa akaitazama mashine ya kupozea maji chini ya meza. Ilikuwa imezimika, umeme ungetoka wapi. Humu ndani mtu mzima alikuwa anatiririka jasho. Kwa hesabu yoyote ile, wale samaki walitakiwa wawe supu tangu jana.

"Sasa tazama," alisema kwa sauti ya chini. "Pampu ya hewa ile ya betri inafanya kazi. Betri mpya hizo, bado zinang'aa. Na hizi hapa?"

Nyuma ya matumbawe, zikielea upande wa ukuta, zilikuwa chupa nne za plastiki, zile za soda, zimefungwa vifuniko. Sharifa alikunja mkono wa shati, akaitoa moja. Ikagonga ndani. Alipoitikisa karibu na sikio la Happiness, yule koplo alifumbua macho kama mtu aliyetajiwa jina lake kwenye bahati nasibu.

"Barafu! Afande, barafu haijaisha!"

"Haijaisha. Kwa joto hili, chupa hii imeingia humu leo asubuhi."

Wakatazamana. Kisha Happiness akapiga makofi mara moja, akajiziba mdomo kwa aibu, akashindwa, akacheka. "Yuko hai! Vania yuko hai, anajificha mahali, anakuja kwa kujiiba kuwapoza samaki wake! Mungu mkubwa! Twende tukamtoe yule maskini mahabusu."

Sharifa naye alitaka kucheka. Alitaka sana, maana wiki nzima alikuwa amekula na kulala na sura ya mama wa Vania, Mama Ilda, akilia bila sauti kwenye benchi la kituo. Lakini alikuwa ameshakitazama kipimajoto, na kipimajoto hakikuwa na furaha yoyote.

"Soma hapo."

"Kumi na nane," alisoma Happiness.

"Na mstari wa Vania uko wapi? Sasa yatazame matumbawe. Sudi alisema mchana yanachanua, yanatoa vidole. Hivyo ni vidole?"

Havikuwa vidole. Matumbawe yalikuwa yamejikunja yote, yametoa ute mweupe unaoning'inia kama kamasi, na moja lilikuwa limeanza kupauka pembeni. Samaki walikuwa wamestarehe. Wenzao walikuwa wanakufa.

"Si Vania huyu," alisema Sharifa. "Vania asingetia chupa nne kwa pigo moja akaondoka. Aliyefanya hivi anawahurumia samaki, na kwamba matumbawe nayo yana uhai hajui. Kwake yeye ni mawe."

"Hata mimi kabla ya kesi hii nilijua ni mawe, afande. Nyumba ya babu imejengwa kwa hayo hayo, na chokaa tulichoma sisi wenyewe."

"Kama watu wote wa pwani hii. Kwa hiyo ni mtu wa huku huku."

Akafungua kifuniko, akamimina matone kiganjani, akayaonja. Uso ukamkunjamana. Yalikuwa na chumvi. Happiness aliyaonja pia, akatema, kisha akakumbuka: Sudi alisema Vania hugandisha maji ya bahari, kamwe si maji ya bomba, ili chupa ikipasuka isiharibu chumvi ya tangi. Jambo kama hilo halibuniwi na mpita njia. Ukiwatoa polisi waliosimuliwa, wanaolijua duniani ni wawili tu, na mmoja yuko mahabusu.

"Basi mtu huyu ameelekezwa na Vania," alisema Happiness, furaha ikimrudia polepole. "Amezungumza naye."

"Tena baada ya umeme kukatika, maana kabla ya hapo barafu haikuhitajika. Mlango umevunjwa?"

Happiness alikwenda kuukagua, akarudi. Haukuwa na hata mkwaruzo. Funguo za nyumba zilikuwa mbili. Wa Sudi ulikuwa kielelezo kituoni, na ndio waliofungulia mlango leo. Wa pili ulipotea pamoja na Vania.

Hapakuwa na haja ya kusema zaidi. Mwenye ule ufunguo ndiye mwenye Vania. Na mwenye Vania alikuwa amesimama hapa, kwenye zulia hili hili, labda wakati Sharifa anakunywa chai ya asubuhi.

Swali likabaki moja tu: nani? Sharifa alizunguka meza, akainama, akatazama maji kwa ubavu. Juu ya maji yalielea magamba madogo ya rangi ya majani makavu.

"Chakula cha samaki," alisema Happiness.

Sharifa aliliokota gamba moja kwa ncha ya kidole, akalitafuna kwa meno ya mbele. Likalia. Akaokota jingine sakafuni, na la tatu karibu na mlango. "Unakula pumba za mpunga wewe? Samaki hawali. Hizi ni pumba, zilikuwa zimeganda kwenye chupa. Wewe umekaa miaka kwenye kizuizi cha barabarani, ukikagua magari. Nani anayefukia barafu kwenye pumba?"

"Wachuuzi wa samaki wa kule mtoni," alijibu Happiness bila kufikiri. "Wa mjini wana friza na maboksi. Wale wa bonde la Ruvuma wanafukia kwenye pumba, barafu inakaa kutwa nzima haijayey..."

Hakumaliza. Wote wawili walifikia jina moja kwa wakati mmoja, na wote wawili hawakulipenda.

"Njomba Silvio," alisema Sharifa.

Silvio alikuwa kaka yake Mama Ilda, mjomba wa Vania, au njomba kama wenyewe wanavyosema, na katika ukoo wao ulioletwa na babu zao kutoka ng'ambo ya Ruvuma, neno la mjomba ndilo neno. Siku Vania alipopotea, Mama Ilda hakufungua mdomo mbele ya polisi mpaka kaka yake alipofika kutoka Madimba. Yeye ndiye aliyetoa maelezo kwa niaba ya familia. Yeye ndiye aliyesema Sudi alikuwa akimtishia binti. Polisi waliandika neno kwa neno, kwa sababu anayesema ni njomba, na njomba atamsingizia mtu damu ya mpwa wake mwenyewe? Kila siku alikuja kituoni kuuliza Sudi anashtakiwa lini. Na biashara yake, kila mtu aliijua: korosho kwa msimu wake, na samaki mwaka mzima.

*

Walikwenda Madimba kwa pikipiki ya Happiness. Sharifa alijifunga baibui juu ya sare, na kabla ya kuondoka alimpigia mkuu wake wa upelelezi akaomba gari la doria likakae njia ya Mahurunga, iendayo mtoni kwenye mashine za kukoboa mpunga, pembeni, bila king'ora na bila mbwembwe. Mkuu aliuliza ana ushahidi gani. Sharifa akasema ana pumba. Mkuu akaguna, lakini gari lilitoka.

Walimkuta Silvio kwake, uani, amekaa kwenye mkeka na lundo la korosho mbele yake, akizichambua. Mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu msibani na harusini.

"Karibu, afande! Karibuni mabinti zangu. Leteni viti huko! Mmeniletea habari ya kesho?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Anashtakiwa?"

"Kesho Mungu akipenda. Nimepita kwa neno dogo tu. Kule Likombe kwa Vania, mara ya mwisho umefika lini?"

"Mimi?" Mkono wake uliendelea na korosho, nzima huku, mbovu kule. "Tangu Pasaka. Nyumba ile inaniuma, afande. Hata njia yake sipiti."

"Hata juzi na jana?"

"Nikafuate nini?"

"Basi, nilidhani labda umepita kumwangalia dada. Nilitaka mwanamume wa kunisaidia kulitoa lile tangi la samaki." Sharifa alijifuta jasho, akashusha pumzi ya mtu aliyechoshwa na vijikazi vidogo. "Wamekufa wote. Nyumba inanuka, majirani wanalalamika."

Mkono ukasimama. Korosho iliyokuwa kati ya vidole vyake haikwenda kwenye nzima wala kwenye mbovu.

"Wamekufa?"

"Wote."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani, mzee? Umeme haupo."

"Nasema..." Silvio aliitupa korosho lunduni. "Nasema maskini. Mpwa wangu aliwapenda sana. Umewaona lini?"

"Natoka huko sasa hivi. Wanaelea."

Ucheshi ukamtoka wote. Akatazama jua, akatazama simu, akaanza kunyanyuka kwa kushika magoti. Akasema wamsamehe, kuna mzigo wake wa samaki mahali utaharibika, biashara ya barafu haina Jumapili, watazungumza kesho. Alivaa ndala mguu wa kulia kushoto na wa kushoto kulia, akaingia kwenye pikapu yake hivyo hivyo. Nyuma ya pikapu palikuwa na masanduku ya mbao, na pembeni mwake pumba zilikuwa zikidondoka.

"Afande," alisema Happiness walipobaki barabarani, "umemdanganya mzee wa watu."

"Nimewasingizia samaki kifo. Nitawaomba radhi mwenyewe. Washa!"

Pikapu ilikuwa imeshageuza kona, vumbi limesimama. Happiness aliwasha, na hapo ndipo Sharifa alipojua kwa nini vijana wa kituoni hawapendi kupanda pikipiki ya koplo huyu. Walipita katikati ya mikorosho kwa njia ya baiskeli, wakaruka mfereji, kuku wa mtu wakatawanyika, mama mmoja akawatupia laana kwa Kimakonde na Happiness akaijibu kwa Kimakonde bila kupunguza mwendo. Baibui lilipepea nyuma, sare ikabaki wazi, nani alijali! Moyo wa Sharifa ulikuwa unakwenda mbio na yeye akiuona mtamu.

Kwenye njia panda pikapu ilipunguza mwendo. Taa ya kuonyesha upande ikawaka: kulia, kuelekea mjini.

"Anakwenda Likombe kuhakikisha," alipiga kelele Happiness. "Akiwakuta hai tumekwisha!"

"Akifungua mlango kwa ufunguo wa Vania tumempata! Ngoja!"

Lakini Sharifa alijua kwamba kumpata Silvio si kumpata Vania, na mtu akishakamatwa anaweza kufunga mdomo siku mbili, tatu, na mtu aliyefungiwa mahali kwa joto hili hana hizo siku. Alijikuta anaomba kwa sauti. Taa iliwaka, ikawaka. Kisha ikazimika, na pikapu ikakata kushoto, kuelekea mtoni.

"Mahurunga!" walisema wote.

*

Mashine ya kukoboa mpunga ilikuwa nje kidogo ya kijiji, na kelele zake zilisikika kabla ya kuonekana. Nyuma yake palikuwa na kilima cha pumba kirefu kuliko mtu. Nyuma ya kilima, ghala la matofali lenye dirisha moja dogo la juu, na bati lake limebeba paneli za sola. Sharifa alizitazama zile paneli akatabasamu. Wilaya nzima iko gizani, na hapa kuna friza inayonguruma.

Silvio alishuka na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa, aliyokuwa ameinunua njiani kwa mama ntilie. Akafungua kufuli, akaingia, akavuta mlango nyuma yake. Sharifa alitoa ishara kwa gari la doria libaki mikoroshoni. Yeye na Happiness wakakimbia wameinama mpaka ukutani, wakajibanza chini ya dirisha. Kwa sababu ya mashine hawakusikia kitu. Sharifa aliweka mkono kwenye pingu. Akaanza kunyanyuka.

Mashine ikazimwa. Mwenye mpunga alikuwa anabadilisha gunia.

"...kula, mwanangu. Nakupigia magoti. Tangu asubuhi hujaweka kitu kinywani."

"Picha iko wapi?"

Sauti ya msichana. Ilikuwa kavu na dhaifu, lakini yenye hasira za kutosha watu wawili. Happiness alimkamata Sharifa mkono akaubana mpaka ukauma. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, naye hayafuti.

"Umeiona ya asubuhi."

"Nataka ya sasa. Tumekubaliana, njomba. Samaki wakiwa hai, nakula. Wakifa, unanizika pamoja nao."

"Simu haina chaji."

"Wamekufa!"

"Hawajafa! Nani kasema wamekufa? Polisi wale waongo tu! Nimewawekea barafu mwenyewe, chupa nne nzima!"

"Nne? Nilikuambia moja moja! Moja ikiyeyuka ndipo uweke nyingine! Kipimajoto ulikitazama?"

"Si umesema wanataka baridi? Nimewapa baridi!"

"Samaki, njomba! Na matumbawe je? Ile picha nimeikuza, yamejikunja yote, nikadhani ni kivuli. Unayaua!"

"Mawe yale, mwanangu! Jiwe linasikia baridi?"

"Si mawe! Yana vinywa, yanakula, yanazaa! Mangapi umeyalipua kwa baruti na bado unaita mawe?"

 Sharifa, ambaye alikuwa anauma kidole asicheke wala kulia, aliacha vyote viwili. Baruti. Basi ndilo hilo. Mbele ya Msimbati, pale maji ya baridi yanapopanda, Vania alikuwa ameona zaidi ya samaki.

"Jioni tunavuka," alisema Silvio, sasa kwa sauti ya uchovu. "Mtumbwi uko tayari. Utakaa kwa bibi yako Marlene upande wa pili mpaka hao watu wa hifadhi, uliowaita waje kesho Msimbati, wachoke kukutafuta."

"Na Sudi?"

"Ataachiwa. Maiti haipo."

"Watamfunga, njomba. Wewe mwenyewe umesema kila siku unakwenda kuwasukuma wamfunge."

"Kula kwanza," alisema Silvio. Mashine ilianza kunguruma tena, na Sharifa hakungoja jingine. Alizunguka, akausukuma mlango kwa bega.

"Mzee Silvio, weka sahani chini. Uko chini ya ulinzi."

Nani angedhani mtu mnene vile ana mbio! Sahani aliiweka chini, kwa adabu kabisa, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma wa ghala. Happiness alikuwa ameshauzunguka. Silvio alipomwona alikata kushoto, akaukwea mlima wa pumba, na pumba haina ubishi na mtu: ikammeza mpaka magotini, kisha mpaka kiunoni. Happiness alimrukia, wakaporomoka wote wawili mpaka chini, na vumbi lilipotulia koplo alikuwa amemkalia mgongoni, amemfunga pingu, anapiga chafya.

Vania alikuwa ameegemea friza, mguu wake mmoja umefungwa kwa kamba ya manila. Midomo ilikuwa imepasuka. Sharifa aliikata kamba kwa kisu cha watu wa mashine, akamshika asianguke.

"Samaki wako wazima," alimwambia kabla ya salamu. "Matumbawe nayo moja tu limepauka. Kule nimeacha nimezitoa chupa tatu."

Vania alimkumbatia afande asiyemjua, akalia kwa nguvu zote alizobakiza.

Sharifa alipiga simu kituoni, akaamuru Sudi atolewe mahabusu apewe simu. Walisubiri. Vania alipokea kwa mikono miwili. "Sudi," alisema, "ni mimi." Ukelele uliotoka kwenye simu ulisikika mpaka kwa wapakiaji wa magunia, wakasimama kutazama.

Walipotoka nje, Silvio alikuwa amekalishwa kando ya gari la doria, pumba zimemjaa kwenye nywele. Vania alisimama mbele yake. Askari walitaka kumpakia, Sharifa akawazuia kwa mkono.

"Nilikuona na baruti," Vania alimwambia mjomba wake, "na sikwenda polisi. Watu wa hifadhi niliwaita waone samaki tu, habari yako sikuwaambia. Hata Sudi sikumwambia. Nilikuja kwako kwanza, maana kwetu neno zito hupelekwa kwa njomba kwanza. Nilikupa nafasi ya kuacha mwenyewe. Na wewe ukanifunga kamba."

"Ningefanyaje?" alisema Silvio bila kuinua uso. "Wenzangu walitaka wakutupe mtoni. Nikasema hapana, huyu nimemlea. Nitamficha tu. Ningefanyaje, Vania?"

Kwa Sharifa, jibu la swali hilo lilikuwa na majina ya watu ndani yake, na alijua atayapata kabla jua halijazama. Lakini hakulikatiza.

"Sasa utasimama mahakamani?" aliuliza yule mzee. "Utanielekezea kidole mimi, kaka wa mama yako?"

Vania aliichukua ile sahani ya wali, ambayo Happiness alikuwa ameitoa ndani. Akamega tonge, akala akiwa amesimama. Akamega la pili. Watu wote walimsubiri atafune.

"Nitasimama, njomba. Nitasema yote, sitabakiza." Akamega tonge la tatu, akainama, akamlisha mjomba wake kinywani, kwa sababu mikono yake ilikuwa na pingu. "Na chakula cha rumande nitakuletea mimi. Kila siku. Usile cha mtu mwingine, hao wenzako siwaamini."

Silvio alitafuna. Kisha pale pale mbele ya askari na wapakiaji wa magunia akaanza kulia.